Geru ya Kinamasini

Asubuhi ya siku ya tisa tangu ajifungue, Vanaja alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, anakunywa uji mwepesi wa mchele uliotiwa pilipili manga na vitunguu saumu hadi machozi yanamtoka, mtoto wake amelala kwenye susu, na nje inanyesha ile mvua ya mwezi wa saba isiyo na haraka, mvua ya mtu asiye na safari. Nepi kumi na mbili zilikuwa zimetandazwa kambani jikoni, zikikaukia moshi. Ukungu wa kijani ulikuwa umeota kwenye ndara zake, kwenye mkanda wa saa, hadi kwenye mgongo wa kitabu alichokuja nacho asome akipumzika. Kila kitu kilinuka moshi, ubani na maziwa yaliyochacha. Siku ya kawaida ya mzazi, basi.

Vanaja ni binti wa mama yangu mdogo, na haya aliniambia mwenyewe kwa kinywa chake. Alikuja kujifungulia kwa kaka yake kwa sababu mimba ya kwanza hurudi kwao, na kwa kuwa mama yake alishafariki, wa kumkanda yeye na kumwogesha mtoto alikuwa wifi yake, Girija. Kaka mtu alikwenda mjini Siddapur kutafuta dawa ya kunyunyizia mipopoo, huku nyuma maji yakapanda juu ya daraja, akabaki hukohuko. Simu nazo zilikuwa hazishiki mtandao tangu Jumapili. Nyumba ikabaki ya wanawake wawili na kichanga, maana wale watoto watatu wa Girija walikuwa kwa bibi yao ng'ambo ya mto.

Girija ana mikono myepesi, na mdomo mwepesi kuliko mikono. Aliingia na kijungu cha makaa, akachuchumaa kando ya susu.

"Wifi, binti yako jana kajinyonganyonga kama ruba kwenye chumvi."

"Ni gesi tu. Nesi alisema nimbebe begani."

"Nesi." Girija akacheka kwa pua. "Mvue huyo nesi viatu umtazame visigino. Shule imekufundisha kila kitu wifi yangu, isipokuwa kuzaa."

Vanaja akacheka naye, maana ni kweli, kila aliyezaliwa katika bonde hili ana alama ya geru. Siku ya tisa kokwa ya geru hupashwa kwenye kaa, huchomwa pini, na mafuta meusi yakitoka mtoto hutiwa tone moja kila kisigino, kisha chokaa ya tambuu juu yake isije ikababua sana. Geru ni ndugu wa mkorosho, na aliyewahi kubangua korosho mbichi anajua yale mafuta yanavyofanya ngozi. Lakini tone dogo halidhuru. Tumbo hutulia, kijicho hakikamati. Vanaja mwenyewe ana makovu mawili, meusi, madogo kama dengu.

"Umepata wapi geru mvua hii? Za kwenye kopo si zililiwa na wadudu?"

"Nimepata. Wewe kunywa uji wako."

Kokwa aliyoitoa kwenye pindo la sari ilikuwa kubwa kuliko geru za kawaida, karibu sawa na ngumi ya kichanga, nyeusi, inang'aa kana kwamba imelambwa. Ilipopata moto ilianza kutoa jasho. Girija akaichoma pini. Mafuta meusi hayakutoka. Kilichotoka ni ute mweupe, mzito, uliofanana na yale maziwa ya kwanza ya mzazi, ukaning'inia kwenye ncha ya pini, ukageuka kahawia, ukageuka mweusi, nao wanautazama. Kisha ikaja harufu. Tope la chini kabisa, lile ambalo ukichomoa mguu linapumua.

"Phu." Girija akageuza uso. "Hii ilikuwa imelala majini siku nyingi."

"Basi tuiache, wifi."

"Geru ni geru."

Tone la kwanza, kisigino cha kulia. Tone la pili, cha kushoto. Girija akapaka chokaa, akaitupa ile kokwa kwenye majivu, akaenda kugeuza nepi. Mtoto hakulia. Alifumbua macho, akainua shingo ile ambayo kichanga wa siku tisa hana nguvu ya kuiinua, akatazama miguu yake.

Ikawa anataka kunyonya tu. Vanaja akampa titi la kulia, akalimaliza, akampa la kushoto, akalimaliza, akarudi la kulia, na Vanaja mwanzoni alifurahi, akasema moyoni, kumbe dawa za wazee zina maana, mtoto amepata hamu, lakini ikafika saa nne, ikafika saa tano, mtoto hajaachia ila kwa kubadilishwa upande, na chuchu zimechubuka zinatoa damu, na alipomshika tumbo lilikuwa bapa. Bapa kabisa. Tumbo la mtoto aliyenyonya saa tatu mfululizo lilikuwa limelegea kama mfuko uliomwagwa mchele.

Nepi ilikuwa kavu. Hakukojoa. Hakunya.

Akamlaza kwenye susu apumzike kidogo, na hapo ndipo aliposikia, tone, tone, tone, chini ya susu, akadhani paa linavuja, akatazama juu, paa zima. Maji yalikuwa yanatoka kwenye susu. Yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, na yamefanya kidimbwi sakafuni, na juu ya kidimbwi umetanda utando wa mafuta. Akachovya kidole, akanusa. Maziwa. Maziwa yake mwenyewe, yaliyooza.

Kando ya kidimbwi walikuwa wamesimama ruba.

Mvua ikinyesha ruba huingia ndani, hilo si jambo, unamwaga chumvi unaendelea na kazi zako. Lakini hawa walikuwa wengi, thelathini, arobaini, wamesimama wima kwa mikia kuzunguka lile dimbwi, wembamba kama uzi uliolowa, wanayumbayumba, na vichwa vyote vimeelekea juu, kwenye susu. Na konokono wasio na nyumba, wale wa kahawia, wanene kama kidole gumba, walikuwa wanapanda kamba ya susu mmoja nyuma ya mwingine, wakiacha ute unaometa.

"Wifi." Hakupiga kelele. "Wifi, njoo."

Alikuwa ameshamtoa mtoto, amemkung'uta, amemvua visoksi vya sufu. Girija alipoingia alimkuta ameshika mguu mdogo kwenye kiganja na amekodoa macho. Lile tone la ukubwa wa dengu lilikuwa limefunika kisigino chote. Ngozi imevimba, imekuwa nyembamba, inapitisha mwanga kama ganda la kitunguu, na ndani yake kuna maji ya kahawia, na ndani ya maji kuna kitu kinajikunja na kujikunjua.

"Ni lengelenge tu," Girija alinong'ona. "Geru hufanya hivyo."

"Hilo linatembea, wifi."

Vanaja akaligusa kwa ukucha. Likapasuka. Yakatoka maziwa yaliyochanganyika na mchanga mweusi na vipande vya jani lililooza, yakamtiririkia kwenye kifundo cha mkono, ya baridi, na uvundo wake ukajaa chumba hadi ubani ukasahaulika. Katikati ya shimo palibaki uzi mweupe, laini, mnene kama tambi moja. Ncha yake ilikuwa inapapasa hewani. Alipoikaribia kwa kidole ikarudi ndani, haraka, kama pembe ya konokono.

Alitapika uji wote pale pale mkekani.

Girija alikuwa anatazama vidole vyake mwenyewe, vile vilivyoshika pini. Vilikuwa vimekuwa vyeusi hadi kwenye fundo, na ngozi inatoka kama glavu. Akavificha nyuma.

"Niambie umeiokota wapi," Vanaja alisema.

Girija akarudi nyuma hatua moja, hadi mlangoni.

"Girija. Wapi."

"Kinamasini. Jana nilipokwenda kukata majani ya mbolea. Ilikuwa moja tu, wifi, haikuwa mtini, ilikuwa juu ya goti la mzizi, imekaa vizuri, kama mtu kaiweka. Nikasema, bahati iliyoje."

Vanaja hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana na yeye alikulia hapahapa. Nyuma ya shamba la mipopoo bonde linashuka, na chini kuna kinamasi ambacho babu zetu walikikata nusu wakapanda mipopoo, nusu wakakiacha kwa sababu ya jiwe la mungu mke mwenye kinamasi. Humo mna mikungumanga mwitu inayotoa utomvu mwekundu, na mizizi yake inatoka topeni ikajikunja kama magoti ya watu waliochuchumaa. Na humo imebaki geru ya majini, miti kumi na saba, wanasema dunia nzima haizidi mia chache, wasomi kutoka chuo wameigongomea vibati vya namba. Matunda yake nyani hula, mafuriko hubeba, mche haushiki. Miaka inapita hauoti hata mmoja. Na hakuna mtu wa bonde hili, hata mwizi wa magogo, anayeokota tunda lake.

"Kamwite Ajji Seshi," akasema.

"Na maji yakishuka darajani tumpeleke hospitali, nitasema ni mimi, nitasema—"

"Kamwite Ajji."

Girija akatoka mbio, sari ameikunja magotini, mkono mweusi ameufumbata kifuani.

Vanaja akabaki peke yake na mtoto. Akajaribu kumnyima titi. Mtoto akafungua kinywa kulia, na kinywa kikafunguka kikafunguka, na sauti haikutoka, ila pumzi ya baridi yenye harufu ya jani bovu. Ulimi ulikuwa na utando mweusi. Akampa titi tena, angefanya nini, mama gani angeweza kutazama kile kinywa? Akanyonya. Na kadiri alivyonyonya, visigino vilitiririka.

Ajji Seshi, Ajji yaani bibi, ni mkunga wa bonde zima, ndiye aliyempokea Vanaja mwenyewe duniani, kikongwe asiye na jino hata moja, tambuu yake husagwa kwenye kinu kidogo cha shaba. Aliingia amelowa, akavuta harufu, akatema tambuu nje ya mlango. Hakumtazama mtoto kwanza. Alimtazama Girija.

"Macho unayo, Girija, au ni ya kumtazamia mumeo tu? Kokwa iko wapi?"

"Nimeitupa kwenye majivu, Ajji."

"Ilete."

Ililetwa juu ya jani la mgomba. Joto lilikuwa limeipasua. Ndani kulikuwa na kiini cheupe, na kwenye kiini mche ulioanza kuchomoza, umejikunja, mwembamba, wa rangi ya nyama mbichi, na tundu la pini limepita katikati yake. Mche ulikuwa bado unatoa ute. Ajji Seshi akafumba macho.

"Ilikuwa imeshaota," akasema. "Miaka kumi na miwili hajapata, amepata mmoja, amemweka pakavu asichukuliwe na maji. Na nyie mmemkaanga."

"Nani kamweka?" Vanaja akauliza.

"Usiniulize jina lake ndani ya nyumba yenye kichanga."

Akakaa chini, magoti yakalia, akamshika mtoto miguu, akainusa, akapangusa ule ute kwa kidole.

"Sikiliza, mwanangu. Umesoma, utanicheka baadaye, nicheke tu. Mtoto aliyeondolewa kwa mama hulilia titi. Wako hanyonyi kwa ajili yake mwenyewe. Yule wa kwenye kokwa anavuta kupitia huku, kwenye visigino mlivyomfungulia. Maziwa hayakai, yanapita. Ikifika jioni hutakuwa na maziwa, atavuta kingine."

"Nifanye nini?"

"Umnyonyeshe yule mwenyewe. Pale pale alipotoka."

Girija akasema, kwa sauti ndogo, "Ajji, mzazi hakanyagi kule kabla ya siku ya kumi na moja."

"Nimeilinda sheria hiyo miaka sitini. Leo naivunja mimi. Beba mtoto, wewe, kwa huo mkono mzima."

Wakashuka kupitia mipopoo. Ilikuwa saa saba mchana, lakini chini ya ile miti mchana haufiki, mwanga ni wa kijani, wa chupa. Vanaja hakuwa ametoka nje siku tisa, kitambaa cha damu kimelowa kati ya mapaja, na kila hatua ruba wanamwingia kwenye vidole. Maji ya kinamasi yalikuwa vuguvugu kama maji ya kuogea mtoto. Tope lilimshika hadi kwenye vigimbi, likamwachia kwa sauti ya busu. Magoti ya mizizi yalikuwa pande zote, meusi, yamelowa, mengine yana ukubwa wa magoti ya mtu mzima, mengine ya mtoto. Mkungumanga mmoja ulikuwa na jeraha la panga, na utomvu wake mwekundu ulikuwa unatiririka hadi majini, na inzi wamejaa juu yake.

Ajji akasimama chini ya mti mmoja mwembamba, mrefu, usio na kitu cha ajabu. Kibati chake cha namba kilikuwa kimemezwa na gome, kimebaki pembe tu. Akachimba kwa mkono katikati ya mizizi miwili, tope likawa linajaa naye anachimba, akaiweka ile kokwa.

"Kaa."

"Wapi, Ajji?"

"Hapohapo. Nani kakwambia mtoto hunyonyeshwa mama kasimama?"

Akakaa. Tope likamfika kiunoni. Likaingia kila mahali, kwenye mishono yake ambayo haijapona, na alijua, kila alichofundishwa shuleni kuhusu vidudu na vidonda alikikumbuka pale, akakaa. Ajji akamwinamisha. Titi la kushoto likagusa tope.

"Kamua."

Akakamua. Matone meupe yakaanguka, yakatoweka. Tope halikuyachanganya. Yalitoweka tu, moja moja, kama yanapokewa.

"Ajji, inatosha?"

"Shuka zaidi."

Akashuka. Chuchu ikazama. Baridi. Kisha si baridi.

Kilimshika.

Hakikuuma. Hilo ndilo aliloniambia mara tatu, hakikuuma. Kilikuwa kinywa. Hakina meno. Ufizi, kaakaa, ulimi unaokunja chuchu na kuisukuma juu, vilevile, mwendo uleule aliokuwa anaujua kwa siku tisa. Kinavuta, kinameza, kinapumzika. Kinavuta, kinameza. Na maziwa yakashuka. Hakutaka. Yakashuka yenyewe, kama yanavyoshuka mama anaposikia mtoto wa jirani analia. Titi lilimsaliti.

Tope mbele yake likaanza kutoa mapovu, madogo, moja moja, kama puani mwa mtoto anayenyonya kwa pupa. Kila povu likipasuka lilinuka.

"Usivute," Ajji alinong'ona. "Asikilize moyo wako. Mwache."

Kitu kikamshika kidole cha mkono uliokuwa topeni. Vidogo. Vitano.

Hakutazama.

Kutoka ukingoni Girija akasema, "Wifi. Kinakauka. Kisigino kinakauka." Halafu, baada ya muda ambao Vanaja hakuujua, mtoto akalia. Akalia kwa sauti. Ile sauti kali ya njaa, ya hasira, ya mtoto mwenye afya. Girija akaanza kulia naye.

"Sasa subiri," Ajji alisema. "Amepata, lakini hajashiba. Lazima aachie mwenyewe. Ukimkata hajashiba, atajua njia na hatakuwa na shukrani."

Vanaja akasubiri. Alisubiri kweli. Lakini mwanawe analia, pale, hatua sita, na kile kinywa hakichoki, kinavuta, kinameza, na utelezi wake, na vile vidole vinavyopapasa vinapanda kifundo cha mkono, na ruba mmoja ameshafika kwenye mdomo wake wa juu naye hana mkono wa kumtoa. Nesi alimfundisha, mtoto akikataa kuachia usimvute, mpitishie kidole kidogo pembeni ya mdomo, hewa iingie, ataachia.

Ajji alikuwa amegeuka kumtazama mtoto.

Vanaja akashusha kidole kidogo topeni, kando ya titi lake. Akakipata kipembe cha mdomo. Kilikuwa laini, na joto. Akakipitisha. Akagusa ufizi. Ulimi ukakionja kidole chake, polepole, ukazunguka.

Kikaachia.

"Ameachia mwenyewe?" Ajji akauliza bila kugeuka.

"Ameachia, Ajji."

Kikongwe akamtazama. Alimtazama kitambo, mvua inamtiririka kwenye makunyanzi. Kisha akafukia lile shimo, akamvuta mkono, wakatoka.

Siku ya nne baada ya hapo maji yalishuka darajani, wakampeleka mtoto hospitali. Daktari alitazama visigino, akasema ni kuungua kwa geru, akawakaripia wote wawili kwa ushamba wao, akawapa mafuta ya kupaka. Girija alipoteza kucha tatu na hazikuota tena. Tangu hapo haokoti kitu chochote kilichoanguka chini, hata embe. Mtoto alipewa jina la Chaitra, akanenepa, akatambaa, akasimama, sasa ana miaka minne na anakimbia kuliko wenzake. Makovu ya visigino yamebaki kama ya kila mtu.

Kiangazi kilichofuata wale wasomi wa chuo walirudi kuhesabu, wakaja kunywa maji nyumbani kwa kaka wamefurahi kama watu wa harusi. Wamekuta mche mpya. Wa kwanza kwa miaka mingi, walisema, na una afya ambayo hawajawahi kuiona, majani yake mapana, manene, yanang'aa, hawajui unakula nini.

Ajji Seshi alifariki mwaka jana. Vanaja hakuwahi kumwambia kuhusu kile kidole.

Anaishi kwa mumewe Honnavara, karibu na bahari, kwenye mchanga mweupe, tope jeusi hakuna hata la dawa. Alimwachisha Chaitra ziwa akiwa na mwaka na nusu. Titi la kulia lilikauka baada ya wiki mbili. La kushoto halijakauka hadi leo. Amekwenda kwa madaktari watatu, wamempima, hawaoni kitu. Na kila msimu wa mvua, asubuhi, akiamka, mumewe kalala upande wa pili, mlango umefungwa kwa komeo, anakuta blauzi imefunguliwa vifungo viwili, na kuzunguka chuchu pana mviringo wa tope jeusi, mdogo, sawa na kinywa cha mtoto. Mbichi. Unanuka. Huosha kwa sabuni ya kufulia kabla mumewe hajaamka, na bado siku nzima anaisikia ile harufu kila akiinama.

Juzi alikuja kwangu, akalala, na asubuhi akafunga mlango wa jikoni, akanionyesha kabla hajaosha. Nilikuwa namnyonyesha wangu, nikamweka chini.

Mviringo ulikuwa mkubwa kuliko alivyonisimulia. Na upande wa chini, kwenye tope na kwenye ngozi, palikuwa na alama mbili ndogo, zimekaa sambamba, zinavuja damu kidogo.

Ameanza kuota meno.